Ulimi wa Ocol

Hayati Okot p'Bitek alikuwa mcheza kandanda kabla ya kujulikana kuwa mshairi. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya Uganda, na michezo ilipokwisha yeye akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na mwisho elimu ya jamii na mila za watu huko Oxford. Asomaye sheria hufundishwa jambo ambalo kila askari polisi hulijua kwa mazoea, nalo ni namna ya kusikiliza malalamiko. Huenda ndiyo sababu shairi lake kubwa limepangwa kama maelezo ya mlalamikaji, mke aliyesimama mbele ya jamaa zake kumshtaki mumewe. Lilitoka Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966, likatoka kwa Kiacholi mwaka 1969, kisha Paul Sozigwa akalifasiri kwa Kiswahili mwaka 1975 kwa jina la Wimbo wa Lawino.

Habari yenyewe si ndefu. Lawino ni mwanamke wa Kiacholi ambaye katika usichana wake aliwaongoza wasichana wenzake, na jina lake likavuma ngomani. Ocol mumewe amesoma hadi Chuo Kikuu, ameingia katika siasa, na sasa ana mwanamke mwingine, Klementina, au Tina kwa kifupi, apakaye poda na kusema Kiingereza. Katika sehemu 13 Lawino anaeleza moja baada ya moja yale atendewayo. Shuleni vijana wetu hufundishwa kwamba shairi hili ni vita baina ya mila zetu na ustaarabu wa kigeni, na mwalimu afundishaye hivyo hakosei. Lakini sisi tulio huku mashariki, katika mitaa ipitiwayo na mto Nabuyonga hapa Mbale, na wenzetu wa makambi ya Jinja, tunayo sababu nyingine ya kulisoma. Mashtaka kama ya Lawino hufika katika vituo vyetu, na mara nyingi hurudishwa nyumbani bila kuandikwa.

Hurudishwa kwa sababu hayana damu. Msomaji akiyahesabu malalamiko ya Lawino ataona kwamba yahusuyo mkono wa Ocol ni machache mno. Karibu yote yanahusu ulimi. Sehemu ya kwanza nzima ni juu ya ulimi huo. Mumewe anamfananisha na kondoo, anadai kwamba kichwa chake ni kikubwa kama cha tembo lakini ni mifupa mitupu, anamwita mama yake mchawi na ukoo wake washenzi. Haya hayasemwi faraghani. Yanasemwa mahali ambapo wengine wanasikia, na Ocol anawatukana Waafrika wote kwa pumzi ile ile anayomtukania mkewe, hata mtu ashindwe kujua ni nani hasa amemkasirisha.

Ndugu askari aliyepata kuishi katika vile vibanda vidogo vya mabati tulivyovizoea kwa jina la «mama ingia pole» anaelewa maana ya tusi lenye wasikilizaji. Bati halizuii sauti. Neno alilotupiwa mke saa 2 ya usiku, kesho yake asubuhi linamngoja bombani pamoja na ndoo za wenzake. Hapo mume hana haja ya kupiga. Amekwisha kumshusha cheo mbele ya kambi nzima.

Tazama sasa jinsi jambo linavyopanda. Baada ya jina la mtu kuchafuliwa hufuata mwili wake. Nywele za Lawino zinanuka, asema Ocol, na michezo yake ni ya kishenzi. Kisha jikoni: meko ya mawe na chakula cha Kiacholi havifai tena, lakini jiko la kizungu ambalo mke hajui kuliwasha na anayeliogopa, hilo ndilo la watu. Kisha wakati wenyewe. Ndani ya nyumba ya Ocol kuna saa kubwa, naye anataka kila kitu kiifuate: kula, kuoga, kumnyonyesha mtoto, hata kulia kwa mtoto. Lawino hajui kuisoma. Kwake yeye mtoto hunyonya anapokuwa na njaa, na mgeni hupokewa anapobisha hodi. Kwa hiyo kila saa ya siku ni kosa, na mwenye kulitambua kosa ni mtu mmoja tu, yule ajuaye kusoma saa.

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo, nami ningependa tusipite mbio. Saa si kitu kibaya. Askari bila saa ni mtoro. Ubaya wa saa ya Ocol ni kwamba hakumfundisha mkewe kuisoma. Angeweza kumfundisha kwa jioni mbili. Kama angemfundisha, basi angepoteza fimbo. Mume wa namna hii hahitaji mke ajue. Anahitaji mke abaki asiyejua, ili kutojua kwake kuwe hati ya kumdharau. Ndivyo ilivyo pia katika sehemu ya dini. Lawino anauliza maswali ambayo hata mapadri husumbuka kuyajibu, juu ya Muumba na mwanzo wa vitu, naye Ocol hajibu. Anadai kwamba maswali hayo ni ya kijinga na kwamba mtu asiyesoma hawezi kuelewa majibu yake. Mlango unafungwa, na ufunguo unawekwa mfukoni mwa aliyeufunga.

Mwisho wa safari hiyo ni watu. Jamaa za mke hawatakiwi nyumbani kwa sababu ni wachafu na huleta maradhi. Waganga wa jadi wamepigwa marufuku. Hata ndugu yake Ocol mwenyewe, baba mmoja mama mmoja, amekuwa adui, kwa kuwa Ocol ni mtu wa chama cha Democratic na nduguye ni wa Congress. Lawino anaambiwa asitaniane na shemeji yake. Kwa mila yao shemeji huyo ndiye ambaye angemrithi na kumlinda endapo mume angekufa, na Lawino anauliza, kwa akili timamu kabisa, itakuwaje siku hiyo ikifika. Polisi yeyote aliyeshughulikia kesi za nyumbani atalitambua jambo hili: kabla hajaumia sana, mke huwa kwanza amekatwa na wale ambao wangemsaidia.

Wapo watakaosema kwamba nyumba nayo ni kikosi, na kikosi hakiendi bila amri. Hoja hii tumeisikia katika mesi nyingi, na wenye kuitoa ni watu wanaostahili jibu. Amri ya jeshi imefungwa na sheria. Ina ngazi, ina mipaka, ina njia ya aliyeamriwa kulalamika kwa mkubwa zaidi, na ofisa atoaye amri isiyo halali anaweza yeye mwenyewe kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi. Koplo anajua sajini anaweza kumwamuru nini na hawezi kumwamuru nini. Ocol hana kitabu cha kanuni. Anaitunga sheria asubuhi, anaivunja mchana, anahukumu jioni. Hakuna kikosi duniani kiongozwacho hivyo kikadumu, na mtu aletaye nyumbani jina la amri bila mipaka yake hakuleta ujeshi.

Pengine lugha yetu nayo ina neno la kusema hapa. Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia ya biashara, lakini kilikaa kambini tangu enzi za King's African Rifles, na mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa. Wananchi wengi wa rika fulani hawakukisikia katika tenzi wala hadithi. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabara: kuja hapa, kaa chini, toa mikono. Ni msiba kwa lugha yenye mashairi matamu kiasi hiki kujulikana kwa maneno ya kuamrisha tu, na ni msiba mkubwa zaidi mwanamke wa kambini anapojifunza Kiswahili chake chote kwa mtindo huo huo kutoka kwa mumewe.

Mashairi hayo matamu, kwa haki, hayakuwa upande wa Lawino siku zote. Mwaka 1858 huko pwani ya kaskazini ya Kenya, Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Humo amemwagiza amtii mume, amkande mwili, ampepee, asitoke bila idhini yake, kwa kuwa radhi ya mume ni njia ya kwendea peponi. Wako wanaume wanaoutaja utendi huo kana kwamba ni hati ya kumiliki mtu. Ni vema wakumbuke aliyeutunga alikuwa nani: mwanamke mgonjwa aliyekuwa akikikaribia kifo, aliyeolewa na mtawala aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said, akimwachia mtoto wa kike silaha pekee aliyodhani itamfaa katika nyumba za wakubwa wa zama zile. Tena utii anaoueleza yeye ni utii kwa mume apendaye na kuridhika. Hakuna mahali anapomfundisha mume kutukana. Lawino naye, tukimsikiliza vizuri, hakatai kumtumikia Ocol. Asema wazi kwamba hata ukewenza si neno kwake, kwa kuwa mila yao inauruhusu. Anachokataa ni kufanywa takataka ndani ya nyumba aliyoposwa kwa kubembelezwa. Maana Ocol alibembeleza. Alimwendea usiku, akamwimbia, akatetemeka. Shairi halimwachi asahau.

Sasa twende kwenye sheria, maana ndiyo kazi ya wengi wetu. Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Ukatili wa Nyumbani, nayo ni Sheria ya mwaka 2010. Sheria hiyo haikuishia kwenye ngumi na panga. Inahesabu kuwa ni ukatili pia matusi na dhihaka zinazorudiwa, vitisho vinavyorudiwa, na wivu wa kumtawala mtu uliopita kiasi hata ukaingilia faragha, uhuru au usalama wake. Unyanyasaji wa mali nao umo. Anayepatikana na hatia aweza kupewa kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Mahakama yaweza pia kutoa amri ya ulinzi. Askari polisi naye amewekewa wajibu wa kumsaidia na kumwelekeza mlalamikaji. Hakuachiwa hiari ya kumpigia domo na kumrudisha.

Nimetaja neno «yanayorudiwa» kwa makusudi. Ndugu wengi huhofu kwamba sheria ya namna hii itamfunga kila mume aliyekasirika siku moja kwa sababu ya chumvi kuzidi. Sivyo. Sheria inatafuta mwendo, si tukio. Na hapo ndipo shairi linapomfaa polisi kuliko mihadhara mingi, kwa sababu linaonyesha mwendo ulivyo. Lawino angefika kituoni akasema «mume wangu kaniita kondoo», koplo wa zamu angecheka. Angepewa nafasi ya kusema yote 13, kicheko kingekatika mahali fulani, pengine kwenye saa, pengine kwenye shemeji.

Shida ni kwamba zana zetu ziliundwa kwa ajili ya jeraha. Fomu ya Polisi namba 3, ile ipelekwayo kwa daktari, ina nafasi ya kuandika kidonda kiko wapi na kimesababishwa na kitu gani. Ulimi hauachi alama ya kuandikwa hapo. Basi kinachobaki ni maelezo, na maelezo ni kazi ya subira: tusi lilikuwa gani, kwa maneno yenyewe, lilisemwa mbele ya nani, tangu lini, nani amezuiwa kuja nyumbani, nani anashika fedha, simu ya nani inapekuliwa. Jirani wa mabati aliyesikia ni shahidi. Kitengo cha Polisi cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kinayajua haya, lakini mlalamikaji hufika kwanza kwa yule aliye mezani usiku huo.

Uchunguzi wa Taifa wa Watu na Afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya wanawake waliopata kuolewa walikuwa wamefanyiwa ukatili na waume zao, wa mwili, wa kingono, au wa moyo. Kwa wanaume waliopata kuoa, waliotendewa na wake zao walikuwa asilimia 44. Hesabu hii ya pili huwashangaza watu, na huko mesini huleta kicheko. Isilete. Mwanamume anayefika kituoni kueleza kwamba mkewe humtukana mbele ya watoto na kumnyang'anya mshahara amevunja aibu kubwa kuliko ya mwanamke, naye analindwa na sheria ile ile. Lawino mwenyewe si malaika. Anapomweleza Tina, midomo yake mekundu, poda yake, mwili wake uliokonda, anamfanya mwanamke mwenzake kuwa kinyago cha kuchekwa. Ni sehemu ichekeshayo sana katika shairi zima, na ni ile ile silaha ya Ocol, imegeuzwa mpini tu. Okot hakumrekebisha. Alijua kwamba dharau ikiingia nyumbani haikai kwa mtu mmoja.

Kuna jambo la mali ambalo haliwezi kuachwa na mwandishi wa upande huu wa nchi. Wako wanaosema: nilitoa ng'ombe, kwa hiyo nina haki. Jirani zetu wa Tororo ndiko lilikotoka shirika la MIFUMI lililopeleka suala la mahari mahakamani, kesi ikafunguliwa mwaka 2007 na kupanda hadi Mahakama Kuu ya rufani ya nchi. Hukumu ilitolewa Agosti 2015. Majaji hawakuifuta mahari yenyewe. Watu wazima wakipenda kutoa na kupokea, mila hiyo inabaki. Walichokitangaza kuwa kinyume cha Katiba ya mwaka 1995 ni kule kudai mali irudishwe ili ndoa ivunjike. Kurudisha mali, kwa maoni yao, kunashusha utu wa mwanamke na kuzifanya kuwa si kitu kazi zote alizozifanya katika ndoa hiyo. Fikiri mwanamke aliyezaa, akalima, akapika miaka 15, kisha akaambiwa hawezi kuondoka mpaka babaye atafute ng'ombe walioliwa zamani kwenye arusi za kaka zake. Ng'ombe hao ndio waliokuwa kufuli la mlango. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ilikuwa imekwisha kukiondoa kile kifungu cha ugoni kilichomhukumu mke kwa kipimo kimoja na mume kwa kingine. Polisi anayeombwa leo «amrudishe mke wa watu kwa kuwa hajalipiwa fidia» anaombwa kutenda jambo ambalo mahakama imelikataa.

Yako malalamiko dhidi ya Okot pia, na ni ya haki. Alikuwa mwanamume aliyejivika sauti ya mwanamke, na mara nyingine sauti yake mwenyewe inapenya, hasa pale wimbo unapogeuka kuwa hotuba ya siasa. Katika sehemu ya vitabu, Lawino anapolia kwamba vijana wa nchi wamepondwa uanaume wao na vitabu vizito darasani, anayesema hapo ni msomi wa Oxford akiwapiga wasomi wenzake. Lakini katika mambo ya nyumbani sikio lake halikosei. Mtu hawezi kuitunga ile saa bila kupata kuishi karibu nayo.

Na zaidi ya yote, alijua mlalamikaji anataka nini. Katika sehemu ya mwisho Lawino haombi Ocol afungwe. Haombi talaka. Anataka apewe chakula cha kwao na dawa, asafishe koo na ulimi wake, aende kuwaomba radhi wakubwa aliowatukana, kisha amnunulie mkewe nguo na shanga, naye acheze ngoma mbele yake kama zamani. Askari wengi hukata tamaa na kesi za nyumbani kwa sababu hii hasa: mlalamikaji anarudi baada ya siku tatu na kusema amesamehe. Humwona kuwa amewapotezea muda. Lakini aliyesoma sehemu ya 13 anajua kwamba alichokuja kukitafuta mezani ni mtu mwenye sare atakayemwambia Ocol kwamba ulimi ule haufai, na amri ya ulinzi yaweza kutolewa bila mume kutiwa ndani.

Jibu la Ocol lilitoka mwaka 1970, katika kitabu chake mwenyewe. Mtu angetazamia atajibu shtaka hata moja kati ya yale 13: saa, shemeji, jina la mama mkwe. Hakujibu hata moja. Alianza kwa kumwamuru mkewe afunge mdomo na akusanye vitu vyake aondoke.